Ubao wa mawimbi umeruka juu ya Noah baada ya Nangurukuru: kosa ni langu, la mpira, au la lori?

#1 DerevaShangani
Kuchele wakuu. Naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana nina mzigo mwingine wa namna hii hii.

Naendesha Noah hapa Mtwara, nachukua wageni Dar na uwanja wa ndege nawapeleka Mikindani, Msimbati na kwingineko. Wiki mbili zilizopita nilipewa vijana sita na mbao zao tatu za mawimbi, hizi ambazo mtu anasimama juu yake wimbi likimsukuma kuja pwani. Mbili za futi tisa, moja ya futi saba. Nikazilaza kwenye keria, chini nimetandika kipande cha godoro, nikafunga mipira ya tyubu mbele na nyuma, na kamba moja ya plastiki katikati. Nilitikisa, zikatulia. Daraja la Mkapa salama, Somanga salama. Tumeshapita Nangurukuru, barabara imenyooka, niko kama 100, likaja lori mbele yetu. Lilipotupita tu nikasikia kishindo juu ya paa, halafu mlio kama turubai linachanika. Kuangalia kwenye kioo, ubao wa juu uko hewani.

Ulianguka katikati ya lami ukavunjika vipande viwili. Nyuma yangu kulikuwa na bodaboda kapakia mama mwenye mtoto mgongoni. Alikwepa akaingia kwenye mchanga, hawakuanguka. Walisimama kidogo, wakaondoka kabla sijawafikia. Nilikaa kwenye usukani dakika kadhaa, miguu haina nguvu. Mwenye ubao hakunidai hata shilingi, alisema ubao utanunuliwa mwingine. Lakini yule mtoto namwona kila nikifumba macho.

Fundi wangu anasema kosa ni kuelekeza kichwa cha ubao mbele. Kijana mmoja kati ya wale sita anasema kosa ni mipira. Kijiweni wanasema ni lori. Wenye uzoefu, uliruka kwa nini? Na unafungwaje usiruke?

#2 Mbao_Masasi
Mninga au mkongo? Futi tisa kwa inchi ngapi? Mi napakia mbao mia na zaidi kwenye Fuso, hakuna hata moja iliyowahi kuruka. Wewe tatu tu zimekushinda?

#3 BintiMikindani
@Mbao_Masasi umesoma kichwa cha habari ukaacha habari. Hizi si mbao za kenchi. Ndani ni povu gumu, nje limevikwa faiba, katikati unapita uti mwembamba wa mti. Ubao wa futi saba una kilo nne hivi, mtoto wa darasa la pili anaubeba kwapani. Mninga wako unakaa kwa uzito wake wenyewe. Huu hauna uzito, una upana tu.

Pole sana kaka Dereva. Mshukuru Mungu kwa yule mama.

#4 TingoMstaafu
Pole dogo. Jibu ni fupi: mpira wa tyubu. Nimekuwa tingo miaka kumi na tisa, nimefunga magodoro, baiskeli, majeneza, vitanda vya Masasi kwenda Dar. Mpira ni wa kuongezea, haufungi mzigo. Kazi yake ni kuvutika. Upepo ukinyanyua kidogo unavutika, ukishavutika pengo linakuwa kubwa, upepo unaingia mwingi zaidi, unavutika tena. Mkanda usiovutika unakataa pale pale mwanzo.

Na ulikuwa juani tangu Kibiti. Mpira wa tyubu kuukuu ukipata jua la saa sita unalegea wenyewe.

#5 MtelezaMsasani
Mimi ni mchezaji, nabeba mbao zangu juu ya gari karibu kila wikendi. Kabla hatujahukumu mipira, kaka Dereva tuambie: ule uliokuwa juu ulilala chali au kifudifudi? Upande wa kukanyagia, wenye nta, ulitazama juu au chini?

#6 DerevaShangani
Mbili za chini kifudifudi, mapezi (vile vibawa vya chini ya mkia wa ubao) yanatazama juu, yako nyuma. Ule wa futi saba mwenyewe aliuchomoa mapezi. Nilitaka kuulaza kifudifudi, nikaona nta yake imeanza kuyeyuka inachafua mwenzake, nikaugeuza chali. Kichwa mbele.

#7 MtelezaMsasani
Basi kwa upande wangu jibu limepatikana. Ubao haujanyooka kama rula. Kichwa chake kimepinda kuelekea upande wa kukanyagia ili usizame kwenye wimbi. Ukiulaza kifudifudi, kichwa kinainamia kioo cha mbele, upepo ukipiga unaukandamiza kwenye keria. Ukiulaza chali, kichwa kimeinuka kama kijiko, na upepo unaingia chini yake. Umefungua mdomo kwa kilomita 100 kwa saa. Mipira ingekuwa mipya kutoka dukani, matokeo ni yale yale.

Kuhusu nta: taulo kuukuu katikati ya ubao na ubao, inatosha.

#8 TingoMstaafu
#7 umeeleza vizuri lakini hujaeleza kitu kimoja. Ubao ulikaa chali hivyo hivyo kutoka Dar mpaka Nangurukuru, kilomita mia tatu hivi. Mdomo ulikuwa wazi muda wote. Kwa nini usiruke Ikwiriri? Kilichobadilika njiani ni mpira.

#9 KorosHalisi
Kilichobadilika ni lori. Malori ya njia hii yanakuja na ukuta wa hewa mbele yake. Hata kwenye bodaboda unausikia kifuani.

#10 Nahodha_Sudi
Salaam. Ninyi nyote mnazungumza kama upepo ni wa gari peke yake. Mwezi huu ni kusi. Kusi linatoka kusini mashariki, na Dereva anatoka kaskazini anaenda kusini. Maana yake upepo wa Mungu unampiga usoni na ubavu wa kushoto, juu ya upepo anaoutengeneza yeye kwa mwendo wake. Kutoka Kibiti mpaka Somanga kuna miti na vichaka. Akishafika sehemu zilizo wazi kusi linamshika lote. Na saa yake ilikuwa ngapi? Kama ni mchana, kusi ndio limeamka. Asubuhi huwa linalala.

Tulipokuwa tunabeba mtumbwi kwenye gari kutoka Mnazi Mmoja kuja Sudi tulikuwa tunaondoka alfajiri, na mtumbwi unalala kifudifudi, tezi mbele, omo nyuma.

#11 DerevaShangani
Ilikuwa saa nane mchana, Nahodha.

#12 Mwl_Fizikia
Niruhusuni niweke namba, kwa sababu ni jambo la maisha ya watu.

Nguvu ya hewa haipandi sawa na mwendo, inapanda kwa mraba wake. Ukitoka 50 kwenda 100, nguvu ni mara nne. Hewa ya kawaida ikikupiga kwa kilomita 80 kwa saa inasukuma karibu Nyutoni 300 kwa kila mita ya mraba. Kwa 100 inafika karibu 460. Sasa ongeza hoja ya Nahodha: kusi likija usoni kwa kilomita 20 kwa saa, gari lako linasoma 100 lakini ubao unaona 120, na hapo ni zaidi ya 650. Ubao wa futi saba una eneo la kama asilimia 80 ya mita moja ya mraba. Ukishainuka ukasimama mbele ya upepo huo, unavutwa kama vile umetundikiwa kilo 50. Wenyewe una kilo nne.

Kwa hiyo @BintiMikindani yuko sahihi kwamba tatizo si uzito. Na @TingoMstaafu, kuhusu kwa nini haukuruka Ikwiriri: pale Dereva alikuwa anakwenda ngapi?

#13 DerevaShangani
Ikwiriri ni vibao vya 50 na matuta mwalimu. Nilianza kufungua mwendo baada ya Nangurukuru.

#14 Mwl_Fizikia
Umeona.

#15 TingoMstaafu
Na kati ya Nyamwage na Somanga alikuwa anatembea kwa mguu? Hapo napo anakimbia. Mwalimu, namba zako nazikubali, ila zinaniunga mkono mimi: nguvu ikizidi, mpira unavutika.

#16 Sijali_Masasi
Futi sita, futi saba si inaingia ndani ya Noah? Unalaza viti, unapitisha katikati. Kwa nini kuhangaika na paa?

#17 DerevaShangani
Vijana sita na mabegi yao mkuu. Na za futi tisa ni karibu mita mbili na robo tatu, ndani hazilali. Ningekuwa na mtu mmoja ningefanya hivyo.

#18 FundiChuno
Naona watu wamesahau keria yenyewe. Mimi nachomelea keria hapa Chuno. Dereva, panda juu leo, shika bomba la mbele la keria kwa mikono miwili, litikise kwa nguvu. Kisha pitisha kidole taratibu pale mpira ulipokuwa unapita. Nikipata jibu nitasema neno.

#19 Mzalendo wa Rufiji
Kidogo nje ya mada: Daraja la Mkapa ni zaidi ya kilomita moja, siku za kusi ukiwa juu yake gari dogo linayumba. Huenda mipira ililegea pale pale.

#20 BintiMikindani
Si zaidi ya kilomita, ni mita 970. Lilifunguliwa 2003. Kabla yake ilikuwa pantoni, mama yangu alilala pale siku mbili na magunia ya korosho.

#21 Mzalendo wa Rufiji
Ahsante kwa masahihisho. Ila kuyumba linayumba.

#22 KorosHalisi
Pantoni! Mafuriko yakija watu walikuwa wanageuza mabasi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ikakatika kule Somanga, sisi wa Kusini tukawa kama kisiwa. Dereva, ulipita pale taratibu? Kama mzigo ulirukaruka kwenye viraka vya pale, kila fundo linalegea.

#23 DerevaShangani
Fundi nimepanda. Bomba la mbele upande wa abiria linacheza kidogo, boliti moja imelegea. Na kuna kitu kimenitia baridi: kwenye kona ya bomba, pale ulipochomelewa mguu, kuna ncha ya chuma kama wembe. Mpira wa mbele niliubakiza kwenye buti, nimeutoa kuuangalia. Haukukatika kwa kuvutika. Nusu yake imekatwa safi kama kwa kisu, nusu nyingine ndiyo imechanika.

#24 FundiChuno
Nilijua. Aliyechomelea hakupitisha tupa. Mpira ulikuwa unasuguliwa na ile ncha tangu Dar, kidogo kidogo kila gari likitikisika. Ulipobaki nusu, lori likamalizia. Chali au kifudifudi ungeruka tu. Lete gari, tupa ni bure, boliti utanunua mwenyewe. Na kamba ya plastiki ya katikati ilikuwa inapita wapi?

#25 DerevaShangani
Katikati, juu ya mbao zote tatu, imefungwa kwenye bomba za pembeni. Haikukatika. Ubao uliteleza ukachomoka chini yake.

#26 MtelezaMsasani
Ubao wa juu hauna mapezi ndio maana uliteleza. Hapa ndipo pale pa "kichwa mbele au nyuma" panapoingia. Sisi wengi tunalaza kifudifudi, mkia mbele, mapezi juu, na mkanda wa mbele unapita nyuma ya mapezi. Upepo unasukuma ubao kurudi nyuma, mapezi yanagonga mkanda, ubao hauendi popote. Hata mkanda ukilegea, mapezi yanakuwa kama ndoana. Ukiweka kichwa mbele, hakuna kinachozuia ubao kuteleza kurudi nyuma ila kubanwa kwa mkanda peke yake.

#27 Nahodha_Sudi
Tezi mbele. Nilisema #10.

#28 Kilwa_Kwetu
Sikubaliani na #26 moja kwa moja. Ubao wa kubebwa umechomolewa mapezi, ndoana yako iko wapi? Na ukiyaacha, mapezi yako mbele kabisa kwenye upepo, yanatetemeka njia nzima, siku moja yanang'oka na kipande cha faiba. Binamu yangu alikuwa anafanya kazi kwenye hoteli moja ya ufukweni, walikuwa wanaweka kichwa mbele kifudifudi, mikanda miwili mikali, miaka yote salama.

Dereva, mimi niko Nangurukuru. Nitaulizia kwenye kijiwe cha bodaboda kuhusu yule mama. Siku ile ilikuwa Jumatano au Alhamisi?

#29 DerevaShangani
Jumatano. Kaka, ukimpata utakuwa umenitua mzigo mkubwa.

#30 MtelezaMsasani
@Kilwa_Kwetu binamu yako na mimi hatupishani sana. Kifudifudi tumekubaliana, kinachobaki ni kichwa. Kwa ubao wenye mapezi yasiyochomoka nakushauri mkia mbele. Kwa ubao uliochomolewa mapezi, chaguo ni la mwenye gari, ila ongeza kamba ya tatu kutoka kichwani kwenda kwenye ndoano ya kuvutia gari chini ya bampa ya mbele, ukikaza kwa mkono tu.

#31 TingoMstaafu
Racheti mbona hamuitaji? Mkanda wa racheti wa malori unakaza mpaka gari linalia.

#32 BintiMikindani
Hapana hapana hapana. Mzee wangu Tingo, hapo utampasulia mtu ubao. Nimeona kwa macho yangu Mikindani: mgeni kafika na ubao una nyufa mbili sawasawa kama umebanwa na mlango, pale mikanda ilipopita. Racheti haikuambii imetosha lini, unaendelea kuvuta wenzo tu. Faiba ya ubao ni nyembamba kama ganda la yai, inabeba mtu kwa sababu uzito umesambaa, sio kwa sababu ina nguvu mahali pamoja. Tumia mkanda wa kifungo cha kubana, ule wa kuvuta kwa mkono na meno ya kifungo yanauma yenyewe. Nguvu ya mkono wako ndiyo kipimo. Na kile kifungo cha chuma kisikae juu ya ubao wala juu ya rangi ya gari, kiwe pembeni, chini yake kitambaa.

#33 TingoMstaafu
Nimekuelewa binti. Godoro haliwezi kupasuka ndio maana sikuwaza.

#34 Mwl_Fizikia
Nyongeza kuhusu mikanda. Kama ni wa nailoni ukilowa unarefuka, wa polista haurefuki sana. Kamba ya katani ni kinyume: ikilowa inajikaza, ikikauka inalegea. Kwa hiyo ukifunga katani asubuhi yenye umande, saa nne inakudanganya. Dereva, siku ile mlipata mvua?

#35 DerevaShangani
Manyunyu Kibiti. Lakini sikuwa na katani mwalimu.

#36 Sijali_Masasi
Mi mkanda nikifunga mizigo juu ya Probox unalia vuuuuu mpaka kichwa kinauma. Ule mlio unamaanisha umelegea?

#37 MtelezaMsasani
Sio lazima. Mkanda bapa ukiwa umenyooka kwenye upepo unatetemeka kama karatasi mdomoni. Usokote mara moja au mbili sehemu iliyo hewani, unanyamaza. Ila ukianza kulia ghafla njiani wakati mwanzo ulikuwa kimya, simama uangalie. Na ncha za mkanda zinazoning'inia zifungie ndani ya mlango, zisipigepige.

#38 Mbao_Masasi
Nimesoma uzi wote sasa. Naomba radhi kwa #2, niliandika haraka. Swali la kweli: jua je? Povu na jua la Mtwara vinapatana?

#39 BintiMikindani
Havipatani hata kidogo. Hasa zile nyepesi za epoksi, gari likisimama juani hewa ya ndani inatanuka, faiba inavimba na kuachana na povu. Unaona kama malengelenge. Zile za zamani za polyurethane zinavumilia zaidi ila zinageuka njano. Mfuko wa rangi ya fedha unasaidia, unarudisha jua. Lakini mfuko usiwe mkubwa kuliko ubao, ukipwaya unajaa upepo kama tanga. Zipu iwe nyuma, isitazame mbele. Na mkisimama kula ugali na samaki Mchinga, egesheni mwembeni.

#40 KorosHalisi
Nani anakula samaki Mchinga akaacha pweza?

#41 Nahodha_Sudi
Pweza wa sasa ni mdogo. Tusitoke nje.

#42 Sijali_Masasi
Mi nauliza tu, huko Msimbati kuna mawimbi ya kusimama kweli? Nilifikiri ghuba yote imetulia, mwamba unazuia.

#43 MtelezaMsasani
Ndani ya mwamba ni shwari, pazuri kwa mwanafunzi. Ubao wa futi tisa ndio wake, mpana, haumyumbishi. Nje kwenye mwamba, kusi likivuma na maji yakijaa, linavunja. Ila maji yakitoka usiguse, mwamba unachuna.

#44 Nahodha_Sudi
Watoto wa pwani yote hii wanalalia vipande vya mbao na vibao vya mtumbwi uliokufa wakaja na wimbi mpaka mchangani. Mimi nilifanya, baba yangu alifanya. Kusimama ndiko kugeni.

#45 FundiChuno
Gari limekuja leo. Nimepitisha tupa kona zote nne, nimebadilisha boliti mbili. Nimesogeza bomba za kubebea, zilikuwa zimekaribiana mno, sentimita 55. Ubao wa karibu mita tatu ukiushika katikati tu, ncha zote mbili zinapepea, kila ncha ni wenzo unaong'oa. Sasa ni sentimita 90. Nimevisha kila bomba sponji la bomba la friji, juu yake tyubu. Umeona Tingo, tyubu imepata kazi yake.

Na bado nasema: ilikuwa ile ncha.

#46 TingoMstaafu
Ncha ilikata mpira kwa sababu ni mpira.

#47 Mwl_Fizikia
Fundi, nauliza kwa heshima: kama mpira ungekuwa umekufa ganzi juu ya ile ncha, bila kucheza, ungekatika? Uliochezesha mpira ni ubao, na ubao ulichezeshwa na upepo ulioingia chini ya kichwa kilichoinuka. Mtelezaji, Tingo, Nahodha, Fundi, huenda kila mmoja ameshika sehemu yake.

#48 FundiChuno
Mwalimu unagawa maksi kwa kila mwanafunzi. Mimi nimeona chuma kwa macho.

#49 Kilwa_Kwetu
Dereva, nimempata. Bodaboda ni kijana wa hapa hapa, analikumbuka tukio, anasema "ubao mweupe wa Wazungu". Yule mama anakaa jirani na kijiwe. Wote wazima. Mtoto alikuwa amelala, hakuamka hata walipoingia kwenye mchanga. Mama anakusalimu, anasema ulisimamisha gari na alikuona unakuja, ila alikuwa anachelewa msibani.

#50 DerevaShangani
Alhamdulillah. Kaka sijui nikuambie nini. Nimesoma mara tatu.

#51 BintiMikindani
❤️

#52 DerevaShangani
Mrejesho wa Jumamosi.

Nilichukua mbao mbili uwanja wa ndege, zote za futi tisa, mapezi ya kudumu. Kifudifudi, mkia mbele, taulo katikati, ya chini mapezi yameingia pembeni ya mwenzake. Mikanda miwili ya kubana kwa mkono, nimesokota mara moja kila upande, haikulia. Kamba ya tatu kutoka kwa mapezi kwenda kwenye ndoano ya mbele. Tulitoka saa moja asubuhi, kusi bado limelala, nimekwenda 50 mpaka 60 tu, na baada ya Madimba vumbi na matuta 30. Getini tumelipa kiingilio cha hifadhi ya bahari, tumefika Msimbati ubao haujasogea hata kidole.

Ila kuna jambo. Nilisimama mara ya kwanza baada ya kama kilomita kumi, nikakuta mkanda wa mbele umelegea. Vidole viwili vinapita. Wa nyuma uko vile vile. Nikakaza, mara ya pili na ya tatu haukulegea tena. Kwa nini?

#53 FundiChuno
Sponji mpya. Inabanwa inakaa. Safari ijayo haitalegea.

#54 TingoMstaafu
Mkanda mpya wowote unajivuta mara ya kwanza. Ndio maana tingo anashuka kila baada ya robo saa mwanzoni mwa safari. Sio sponji.

#55 MtelezaMsasani
Kama ni sponji au mkanda, wa nyuma nao ungelegea. Mbele ndiko upepo unakopiga. Ubao ulijipanga, ukakaa sawa kwenye bomba.

#56 Nahodha_Sudi
Au alifunga wa mbele kwanza, kisha wa nyuma. Wa mwisho kufungwa unapokonya kazi ya wa kwanza. Kwenye tanga ni hivyo. Ukimaliza wa nyuma, rudi mbele.

#57 DerevaShangani
Kweli nilianza mbele, Nahodha.

#58 Mwl_Fizikia
Basi Jumamosi ijayo anzia nyuma, kila kitu kingine kibaki vile vile, utuambie.

#59 DerevaShangani
Nitafanya hivyo. Ila kabla yake, Ijumaa natoka Dar na mbao nne: futi tisa mbili, saba moja, sita moja. Nimewaambia wageni wasizidi watatu, ya futi sita iingie ndani. @Kilwa_Kwetu nitasimama Nangurukuru kama saa tano, mwambie mama nitapita kumsalimia. Hizo tatu za juu mpangilio wake?

#60 BintiMikindani
Ndefu chini, ya saba juu, kifudifudi zote, taulo kila ngazi. Ukishuka kumsalimia mama, kaza mikanda kabla hamjaondoka.

#61 Kilwa_Kwetu
Nitakuwepo. Egesha upande wa mwembe, juu ya sheli.